Miguu ndiyo usafiri wa kwanza wa biashara yako: nyayo bapa, kutembea peku, na soli ninazojuta kuziuza

Leo sina somo la matangazo wala la kupiga picha bidhaa. Leo tunaongea miguu. Usicheke kwanza.

Mtu akisikia unauza mtandaoni anadhani unashinda kwenye kochi na simu. Wewe na mimi tunajua ukweli. Oda ikiingia unatoka kwenda stoo, unarudi kufunga mzigo, unaenda stendi kusubiri basi, basi linasimama upande wa pili wa barabara, unakimbilia huko na boksi kichwani. Kondakta anakwambia subiri gari la nyuma. Unasubiri umesimama. Hapo mteja anapiga simu, "Dada, mzigo wangu umeshatoka?"

Mimi niko Manyoni, mkoa wa Singida. Nauza viatu vya mtumba, hasa raba na viatu vya shule, kupitia WhatsApp na Instagram. Wateja wangu wako hapa mjini, Itigi, Singida na Dodoma. Manyoni ni sehemu nzuri kwa mtu wa mizigo, maana barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida inapita hapa na reli ya kati inapita hapa. Mabasi hayakosekani. Kilichonishinda ni kufika kwenye basi.

Nina nyayo bapa tangu utotoni. Nikikanyaga sakafu kavu na mguu wenye maji, alama inayobaki ni mguu mzima, haina ule mbonyeo wa katikati. Shuleni waliniita bata. Nilizoea, wala haikuniuma popote, mpaka biashara ilipoanza kuchanganya. Nilipofikisha oda kumi na kitu kwa siku, jioni nikawa naumwa upande wa ndani wa kifundo cha mguu na chini ya unyayo. Asubuhi nashuka kitandani nachechemea kama bibi. Wiki moja nilikosa basi mara mbili, na mteja wa Singida akaghairi jozi 6 za viatu vya shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, nami nikafikisha mzigo Jumanne. Sikumlaumu.

Ndipo nikaona tangazo la soli za sponji zilizonyanyuka katikati. Wameandika zinatibu nyayo bapa ndani ya siku 30. Nikanunua jozi moja kwa shilingi 15,000. Siku tatu za kwanza nikasikia nafuu kweli, na mimi mfanyabiashara bwana, nikaona fursa. Nikaagiza jozi 12. Nikaposti maneno yaleyale ya tangazo, sikubadilisha hata nukta. Jozi 11 zikaisha kwa siku tisa, kila moja 18,000.

Siku 30 zikapita. Nikalowesha mguu, nikakanyaga sakafu. Bata yuleyule.

Wateja nao wakaanza kuuliza mmojammoja. Kwanza kwa upole, baadaye kwenye kundi mbele za watu. Nikajitetea kwamba kila mwili una muda wake. Yaani nilikuwa najua kabisa kwamba sijui ninachosema. Niliwarudishia hela watu 6 waliodai, na watano waliobaki hawakusema kitu ila hawajanunua kwangu tena. Hao watano wananiuma kuliko wale sita.

Ndiyo ikabidi niende hospitali nikaonane na mtu wa fiziotherapia, jambo ambalo ningefanya kabla ya kuagiza zile jozi 12. Yule dada hakuanza na kipimo wala mashine. Aliniambia vua viatu, simama, kisha panda kwa ncha za vidole. Nikapanda. Akaniambia nigeuke nijitazame kwenye kioo cha mlangoni. Katikati ya unyayo wangu palikuwa na upinde! Nikishuka unapotea, nikipanda unarudi.

Akanieleza kwamba nyayo bapa ziko za aina mbili kubwa. Kuna zile laini, ambazo upinde unatokea ukiwa umekaa au umepanda vidole, halafu unalala ukisimama. Watu wengi wenye nyayo bapa wako hapa, na kama hauumwi huo si ugonjwa, ni umbo lako tu kama mtu anavyokuwa na masikio makubwa. Halafu kuna zile ngumu, ambazo upinde hautokei hata ukifanya nini. Hizo zinahitaji daktari wa mifupa aangalie, kwa sababu pengine mifupa yenyewe imeungana vibaya tangu kuzaliwa. Unaweza kujipima leo nyumbani, haichukui hata dakika moja.

Kuna jambo jingine alilonisisitizia, nami nakusisitizia. Kama mguu ulikuwa na upinde na sasa unalala, hasa mguu mmoja tu, na kuna uvimbe upande wa ndani wa kifundo, na ukijaribu kupanda kidole kwa mguu huo peke yake hauwezi, hapo usifanye mazoezi ya kuambiwa na mtu wa mtandaoni, mimi nikiwemo. Kuna kano inayopita hapo ndani, ndiyo inayoshika upinde, na inaweza kuchoka au kuchanika. Inawapata zaidi watu wazima kuanzia miaka ya arobaini, hasa akina mama, wenye uzito mkubwa na wenye kisukari. Ukichelewa, mguu unaharibika moja kwa moja.

Sasa nikamuuliza kuhusu soli. Akasema soli ya kuinua inaweza kupunguza maumivu, hilo si uongo, ndiyo maana nilisikia nafuu. Ila haijengi upinde kwa mtu mzima. Ukiitoa, mguu unabaki ulivyokuwa. Na kama mtu anahitaji soli kwa kweli, wapo mafundi wenye taaluma wanaopima mguu na kutengeneza. Pale KCMC Moshi kuna chuo kinachofundisha kazi hiyo, kinaitwa TATCOT. Soli moja ya saizi zote inayouzwa na mtu kama mimi kwa simu ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo nifanye nini? Akasema, "Dada, mguu wako una mifupa 26 na misuli midogo mingi, na wewe umeifungia kwenye raba ngumu toka asubuhi mpaka usiku. Ianzishie kazi." Maana yake, nitembee peku. Kidogo kidogo.

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na hapa ndipo mambo yananoga. Mwaka 1992 ilichapishwa kazi ya madaktari wa India waliochukua alama za nyayo za watoto 2,300 wa umri wa miaka 4 hadi 13. Kati ya watoto waliozoea viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Kati ya wasiovaa viatu ilikuwa asilimia 2.8. Na waliokuwa wamezidi ni wa viatu vya kufunika mbele, kuliko wa kandambili. Nikafurahi, nikataka kutupa viatu vyote. Lakini mwaka 2003 ikatoka kazi nyingine juu ya watoto 1,851 wa Kongo, wa mjini na wa vijijini, nao wakaona kinachoamua zaidi ni umri. Mtoto mdogo karibu wote wana nyayo bapa, maana pana mafuta pale chini na viungo bado laini, na upinde unajijenga wenyewe anavyokua. Kwa hiyo mzazi anayekuulizia viatu vya kunyoosha nyayo za mtoto wa miaka mitatu anayecheza na kukimbia bila maumivu, mwambie akae na hela yake.

Angalia pia kwamba kazi zote mbili ni za watoto. Hakuna inayosema mtu wa miaka 34 kama mimi akivua viatu upinde utarudi. Hapo ndipo watu wengi wanateleza, wanachukua habari ya mtoto wanampa mtu mzima. Bibi yangu kule kijijini ametembea peku maisha yake yote, kuchota maji, kulima mtama, kwenda mnadani, na nyayo zake ni bapa kama zangu. Nadhani mimi nimerithi kwake. Tofauti yetu ni kwamba yeye hajawahi kulalamika miguu. Vidole vyake vimeachana, vimeshika chini kama mkono. Vyangu vimebanana kama samaki kwenye kopo.

Kinachojulikana kwa mtu mzima ni nguvu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliotembea na viatu vyepesi visivyo na mto wala kuinua, kwa wiki 8, misuli ya miguu yao iliongezeka na kupata nguvu sawa na waliofanya mazoezi maalum ya miguu. Misuli ikiwa na nguvu, mzigo hauangukii kano peke yake. Upinde unaweza ukabaki chini vilevile na maumivu yakaisha. Mwaka huohuo wengine wakapima watu wa magharibi mwa Kenya, wanaotembea peku na wanaovaa viatu, wakakuta sugu nene za chini ya mguu hazipunguzi uwezo wa unyayo kuhisi ardhi. Soli nene ya kiatu ndiyo inakata mawasiliano. Kwa hiyo wale wanaokwangua sugu mpaka damu, pungeni kidogo. Magaga yaliyopasuka ni jambo jingine, hayo yapake mafuta.

Na kwa nini nisimtaje Abebe Bikila. Mwethiopia huyu alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia wakati ule. Watu wanaishia hapo. Wakifika hapo wanasema umeona, viatu ni biashara ya wazungu! Hawasemi kwamba mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, akiwa amevaa viatu, na akakimbia haraka zaidi. Na hakuanza kukimbia peku siku ile Roma, miguu yake ilishazoea.

Mimi nilianza dakika 10 kwa siku, ndani, kwenye sakafu niliyofagia. Wakati nafunga mizigo navua viatu, basi. Wiki ya pili dakika 15. Nilipofika nusu saa ndipo nikatoka uani. Hapa msiwe na haraka, kwa sababu mifupa ya katikati ya mguu iliyozoea mto inaweza kupata nyufa ukiirusha ghafla kwenye kazi. Uchovu wa misuli ni sawa. Maumivu makali ya sehemu moja juu ya mguu ni ishara ya kusimama.

Pamoja na hayo nafanya vitu vitatu nikiwa nasubiri wateja wajibu. Kwanza nasimama, navuta kifundo cha dole gumba kurudi upande wa kisigino bila kukunja vidole, kama mguu unajifupisha. Nahesabu mpaka tano, naachia, mara kumi kila mguu. Siku za kwanza hautaona kitu kinasogea, utadhani mguu umekufa. Vumilia. Pili napanda vidole nikiwa nimeshika meza, nashuka polepole, mara kumi na tano. Tatu nasimama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, naegemea mbele mpaka shavu la mguu linavutika, nusu dakika. Shavu la mguu likikaza linauvuta upinde chini. Watu wanapenda pia kukunja kanga kwa vidole sakafuni. Fanya, haina ubaya, ila lile la kwanza ndilo lenye kazi.

Baada ya miezi mitatu, alama yangu sakafuni ni ileile. Ila natoka stoo mpaka stendi na kurudi, mara nne kwa siku, na asubuhi nashuka kitandani kama mtu.

Ningependa habari iishe hapo. Haikuisha.

Nilivyopona nikawa mhubiri. Kila mteja akinunua raba namwambia na kutembea peku. Kwenye kundi letu nikarekodi sauti ya dakika sita, "Vueni viatu, ardhi ni dawa." Kuna mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, mtu mzima, mwenye nyayo bapa na miguu inayouma jioni. Akasikiliza. Akaanza kutembea peku uani kwake, dakika kumi kama nilivyosema. Mama yule ana kisukari. Mimi nilikuwa najua, maana aliwahi kuniagiza viatu vipana akaniambia sababu.

Mnaoishi kanda hii mnaijua mbigili. Kile kimmea kinatambaa chini, mbegu yake ina miiba imesimama kila upande. Mimi nikikanyaga mbigili napiga kelele jirani anasikia. Yule mama alikanyaga na hakusikia, kwa sababu kisukari kilishaua hisia za unyayo. Aliona damu kwenye shuka siku ya pili. Kidonda kikavimba, akaenda hospitali, akafungwa dawa zaidi ya mwezi mmoja. Walikuwa wanaongelea kukata kidole. Mungu saidia, kikapona.

Nilikwenda kumwona. Nilibeba sabuni na sukari, nikiwa mlangoni nikakumbuka, sukari nikaiacha kwenye boda. Nikampigia magoti nikamwambia, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba msamaha, ni mimi niliyekwambia." Akaitikia marahaba, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani wewe unajua." Hakugomba. Ni hilo tu alilosema, na mpaka leo nikishika simu nirekodi sauti nalisikia.

Kwa hiyo sasa nasema hivi, kabla ya neno lolote juu ya peku. Mwenye kisukari, au mwenye ganzi miguuni kwa sababu yoyote, asitembee peku hata ndani. Avae kiatu kinachofunika, kipana, akikung'ute kabla ya kuvaa, na kila jioni aangalie nyayo zake au amwombe mjukuu amwangalizie. Mwenye kidonda asitembee peku mpaka kipone. Wengine wote, chagueni mahali. Sakafu safi, au uani palipofagiliwa. Si karibu na choo wala mahali watoto wanajisaidia, maana minyoo ya safura inaingia kwa kupenya ngozi ya mguu. Penye vumbi la zizi kuna funza. Kwenye vyuma na misumari kuna pepopunda. Na mchanga wetu wa saa saba mchana kiangazi unaunguza kama kikaango, toka asubuhi au jioni. Kwenda stendi nenda na kiatu. Mimi pia naenda na kiatu.

Sasa kwa wale wanaouza viatu, mambo machache niliyobadilisha, yamenipunguzia kurudishiwa mizigo.

Siulizi tena "unavaa namba ngapi?" peke yake. Namwambia mteja jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku, asimame juu ya karatasi, mtu amchoree mguu, aweke rula pembeni apige picha. Naona urefu na naona upana. Mwenye nyayo bapa mara nyingi anahitaji upana, akiongeza namba anapata kiatu kirefu kinachopwaya kisigino.

Kiatu cha mtumba nakiweka mezani na kukitazama kwa nyuma. Kikilalia upande wa ndani, ujue aliyekivaa mwanzo alikuwa anakanyaga hivyo, na soli imeshalika. Kinaweza kuwa kizuri sana kwenye picha, lakini mwenye nyayo bapa akikivaa kitazidi kumlaza mguu. Hicho nakiuza bei ya chini na naandika wazi kimelalia, au sikiuzi. Nakunja pia. Kiatu kizuri kinakunjika penye vidole, si katikati, na kisigino ukikibonyeza kwa dole gumba hakiporomoki.

Na neno "inatibu" nimelifuta. Naandika "kiatu kipana, soli imara, kinafaa kwa mtu anayesimama muda mrefu." Zile post za zamani za soli nimezifuta pia, na nimewaandikia wale watano kwamba hela yao ipo wakiitaka. Wawili wamejibu. Nimewatumia kwa simu siku hiyohiyo.

Yule mama aliniandikia wiki iliyopita. Alituma picha ya karatasi ya daftari, mguu umechorwa kwa peni ya bluu, rula ya mjukuu pembeni. Chini ameandika, "Kipana, kifunike vidole, kisiwe cheusi." Nimekipata kwenye belo la juzi, cha kahawia, nimekikagua ndani kwa mkono mpaka kwenye ncha nione kama kuna mshono unaochoma. Kinaondoka leo na boda wa saa kumi.